Uzi: "Mwananchi achague mwenyewe". Vepu, betri, na nani hasa huangalia ndani

Kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Tunachukua neno mlilolisikia kwenye mikutano na kwenye redio, tunalifungua, tunaangalia limetoka wapi.

Neno la leo ni vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Mjadala wake huja kwa sura mbili. Wa kwanza anasema pigeni marufuku, watoto wanaisha. Wa pili anasema hapana, mtu mzima ana haki yake, mfundisheni tu kuchagua kifaa salama na betri salama, serikali ikae kando.

Nataka tukae na huyu wa pili, kwa sababu maneno yake yanasikika kama ya busara na hupigiwa makofi. Kuchagua betri salama. Sawa. Lakini mtu aliyesimama mbele ya kibanda pale Sultan Hamud anachagua kwa kutumia nini? Macho? Bei? Uzito mkononi?

Ukifuatilia historia ya betri hapa Kenya utaona hilo agizo si geni. Tumekuwa tukiambiwa tujichagulie kitu ambacho hatuwezi kuona ndani yake tangu enzi za redio ya mkulima. Na kila mara mambo yalipokuwa mazuri, haikuwa kwa sababu wanunuzi waliamka na akili mpya. Kuna mtu alianza kupima mzigo kabla haujafika kwenye rafu, au hasara ya betri mbovu ilitoka kwa mnunuzi ikamwendea muuzaji. Twende polepole.

Kwa wasioijua, Sultan Hamud iko kwenye barabara ya Mombasa, mpakani mwa Makueni na Kajiado, kilomita mia moja na kidogo kutoka Nairobi. Inasimuliwa kwamba jina lilikuja na reli: Sultan Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, alipanda kutoka pwani kuja kujionea ujenzi ulipofika hapo, maili 250 kutoka Mombasa. Kwa hiyo mji umezaliwa kama mahali pa vitu vinavyopita. Bidhaa zinatoka bandarini zikipanda, chuma chakavu kinashuka. Kinachouzwa stendi ni kile kilichoshushwa kwenye gari.

Sasa betri. Za kwanza ambazo watu wengi waliziita zao ni zile kubwa za tochi na redio. Wengine waliziita mawe tu, "ninunulie mawe mawili". Mwaka 1967 kiwanda cha Eveready kilianzishwa Nakuru, na kwa miaka mingi betri yake nyekundu ndiyo ilikuwa betri. Vijiji vingi vya Kasikeu na Mukaa havikuwa na stima, basi habari za dunia, matangazo ya vifo na mpira wa Jumapili vyote vilitoka ndani ya yale mawe.

Ilipoisha haikutupwa. Ilianikwa juani, juu ya paa la mabati, ipate nguvu kidogo ya kumalizia taarifa ya saa moja. Ikishindikana kabisa, watoto waliipasua. Ule unga mweusi ulipelekwa shuleni ukapakwa ubaoni pamoja na majani ili ubao uwe mweusi tena. Wengi mnaosoma hapa mmefanya hiyo kazi kwa mikono mitupu. Hakuna aliyetuambia tuoshe mikono kabla ya kula.

Hata hivyo betri ya aina hiyo ina huruma. Ikiharibika inavuja, inakula springi za redio, basi. Hailipuki ovyo mfukoni. Kosa la kuchagua vibaya lilikuwa hasara ya shilingi chache.

Baadaye zikaja za bei nafuu kutoka nje, na zikaja feki zilizovaa rangi ileile nyekundu. Ungezitofautisha kwa nini? Zilidumu siku tatu badala ya wiki mbili, lakini hilo ulilijua ukiwa umeshalipa. Watengenezaji walilalamika sana, Bunge likapitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa 2014, na kampuni ikaendelea kuuza betri zilizotengenezwa nje. Feki hazikuwa sababu pekee. Gharama za kuzalisha nazo ziliuma, na hata matumizi ya betri zile yalikuwa yakishuka. Lakini angalieni mtiririko: miaka mingi ya "mnunuzi awe makini", kisha sheria, halafu miaka 6 tu baada ya sheria kiwanda kimefungwa.

Betri ya pili ni ile ya gari. Kabla ya sola kuenea, mwenye televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe alibeba betri ya gari kwa baiskeli au mkokoteni hadi mjini ikachajiwe, akairudisha jioni ili majirani waje kutazama. Halafu kuanzia miaka ya 1980 paneli za sola zikaingia mashambani, na soko likakua kwa pesa za watu wenyewe, walimu na wenye kahawa na chai, bila serikali kuwashika mkono. Kenya ikasifiwa dunia nzima kwa hilo. Wanaopenda hoja ya "acheni soko lifanye kazi" hupenda sana mfano huu, na wana haki ya kuupenda.

Lakini kuna sura ya pili ya hadithi hiyo ambayo hawaisomi jukwaani. Mwaka 1999 watafiti walipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa hapa. Baadhi ya aina zilitoa nguvu zilizoandikwa. Nyingine hazikukaribia, ilhali dukani zilipangwa rafu moja na mteja hakuwa na namna ya kujua. Kupima kwa mashine kulionyesha kilichokuwa kimefichwa. Matokeo yalipotoka hadharani ndipo waliouza mzigo mbovu walipoanza kubanwa. Miaka michache baadaye ikaja zamu ya tochi za LED, zile za bei ya chai na mandazi, na malalamiko yakawa yaleyale: mwezi mmoja, imekufa.

Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mradi wa Lighting Africa, wakianzia Kenya na Ghana. Kitu kimoja tu cha mradi huo nataka mkishike. Taa iliyotaka kupewa sifa ya ubora ilipimwa maabara, betri ikiwemo, na sampuli hazikuletwa na mwenye kiwanda akiwa amezichagua. Zilichukuliwa kutoka kwenye mzigo wa kawaida. Tofauti ni kama mwalimu kukagua madaftari bila kutangaza siku.

Halafu kuanzia 2012 ikaja biashara ya kulipia sola kidogo kidogo kwa simu. M-KOPA ndiyo inayojulikana zaidi. Mwanzoni ilikuwa amana kisha shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mmoja. Watu wengi huizungumzia kama hadithi ya mikopo. Mimi naiona pia kama hadithi ya betri. Mteja anayelipa kila siku ataacha kulipa siku betri itakapokufa. Muuzaji sasa analala macho akiwaza betri, kwa sababu hasara ni yake. Huyo mteja hakusoma elektroniki. Kilichobadilika ni nani anaumia.

Sasa kabla ya kufika kwenye vepu lazima tupite Mombasa, kwa sababu kuna mahali betri za gari huenda zikifa.

Ndani ya betri ya gari kuna madini ya risasi, na risasi ina bei. Ndiyo maana hamuoni betri ya gari imetupwa mtaroni. Kuna mtu atainunua. Kwenye mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilichofanya kazi kuanzia takriban 2007 hadi 2014. Ukuta wake ulipakana na nyumba za watu. Moshi na maji machafu viliingia mtaani. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, aligundua mtoto wake ana sumu ya risasi mwilini. Akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua Julai 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi wa fidia hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka kutoka kiwanda kufunguliwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa kidato cha nne.

Naileta hapa kwa sababu hoja ya "mwananchi achague" haina kiti cha kumkalisha mtoto wa Owino Uhuru. Yeye hakuchagua betri yoyote. Waliozichagua walikuwa na magari na sola sehemu nyingine za nchi.

Haya, vepu.

Kifaa chenyewe ni cha karibuni. Mfamasia wa China, Hon Lik, alikibuni mwaka 2003. Kazi yake ni rahisi kueleza: betri inapasha moto waya mdogo, waya unapasha maji yenye nikotini, yanakuwa mvuke, unavuta. Bila betri hakuna kitu. Na betri yake ni ya lithiamu, familia ileile ya betri ya simu yako, ambayo Sony iliiingiza sokoni 1991.

Betri ya lithiamu ina nguvu nyingi ndani ya umbo dogo, na ndiyo sifa na ndiyo hatari. Ikipigwa shoti, ikichajiwa kupita kiasi, au ikitobolewa, inaweza kupata joto linalojiongeza lenyewe: joto linazaa joto zaidi hadi inatoa moto na gesi. Hapo hakuna kuianika juani. Zimamoto wa Marekani waliorodhesha visa 195 vya vepu kulipuka au kuwaka moto nchini mwao kati ya 2009 na 2016. Vingi vilitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni, au inatumiwa, au inachajiwa. Kwa mamilioni ya watumiaji si visa vingi, tuseme ukweli. Lakini mtu aliyeungua paja hasomi asilimia.

Sasa niwape yale ambayo yule mwanasiasa wa "wafundisheni kuchagua" hajawahi kuwafundisha, ingawa ndiyo hoja yake.

Kwenye vifaa vikubwa betri hutoka. Nyingi ni zile za silinda zinazoitwa 18650, milimita 18 upana na 65 urefu. Nyingi za ukweli za ukubwa huo hazizidi takriban 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900, huo ni uongo uliochapishwa, na aliyekudanganya kwenye namba hajakuonea huruma kwenye vitu vingine. Pawa benki na tochi zimejaa hizo. Karatasi ya plastiki iliyoivaa ikichanika, usiitumie. Sehemu kubwa ya mwili wa betri ni upande wa hasi, ikigusana na chuma ni shoti. Usiiweke mfukoni na funguo au sarafu, iweke kwenye kiboksi chake. Kifaa ambacho hakina saketi ya kukata umeme, kile ambacho swichi inaunganisha betri na waya moja kwa moja, ni cha kuogopa kuliko vyote. Na usichaji kitandani.

Hizo ni kanuni nzuri. Zimeokoa watu. Lakini someni tena mkiwa mmesimama kwenye kibanda cha stendi, saa mbili usiku, matatu inapiga honi. Kifaa kinachouzwa hapo mara nyingi ni kile cha kutupa, kimefungwa, kina rangi ya pipi. Huoni betri. Huoni saketi. Huwezi kuuliza betri ilitengenezwa na nani kwa sababu muuzaji naye hajui, na hana kosa, aliletewa boksi.

Kwa hiyo kati ya kanuni zote nilizotaja, mnunuzi wa kifaa cha kutupa amebakiwa na moja: asichaji kitandani. Na vingine havichajiwi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa simu wanalijua kuliko wabunge. Ndani ya kile kifaa cha "kutupa" betri yake kwa kawaida ni ya kuchajiwa. Watafiti wa Uingereza walizitoa wakazipima, wakaona zinaweza kuchajiwa mamia ya mara. Fundi wa Kenya ambaye amezoea kuokota uhai kwenye takataka hataiacha hiyo. Ataitoa aiweke kwenye tochi, kwenye spika ndogo, kwenye redio ya mzee. Ni akili, naiheshimu. Shida ni kwamba ikishatolewa, mara nyingi inabaki bila saketi ya kuilinda, na anayeenda kuichaji nyumbani kwa chaja yoyote hajui ilitoka wapi. Vepu imevutwa na kijana mmoja, hatari imeenda kwa nyanya yake. Huyu nyanya naye aliambiwa achague lini?

Tuangalie serikali ilifanya nini. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007. Ni sheria kali kwa wakati wake: inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 na inakataza sigara moja moja, ingawa sote tunajua sigara moja moja inauzwa wapi. Iliandikwa miaka minne tu baada ya Hon Lik kubuni kifaa chake, na haisemi lolote juu ya betri. Kanuni zake za 2014 zilipingwa na kampuni ya tumbaku mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipotupa rufaa hiyo Novemba 2019.

Aliyewahi mapema ni mtu wa ushuru. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliitaja sigara ya kielektroniki kwa jina na kuitoza shilingi 3,000 kwa kifaa. Viwango vimebadilishwa baadaye, na kuanzia 2022 maji ya nikotini yakaanza kutozwa kwa mililita. Yaani dola ilijifunza kuhesabu vifaa na kupima maji. Ushuru hauangalii betri, si kazi yake. Lakini mtu akikuambia "bidhaa hii inalipiwa kodi, kwa hiyo ni halali na salama", ameunganisha mambo mawili yasiyojuana.

Mwaka 2024 ukaletwa mswada Seneti wa kurekebisha sheria ya tumbaku ili bidhaa hizi mpya ziingie. Hoja nyingi nilizozisikia karibu nao ni juu ya ladha za matunda, matangazo na umri. Hoja za maana kabisa. Betri salama haiifanyi nikotini iwe salama kwa mtoto. Ila betri ilibaki kama mgeni asiyetambulishwa.

Je, marufuku? Uganda ilipiga marufuku kwa sheria yake ya 2015. Uingereza, ambayo huipenda vepu kama njia ya kuachisha watu sigara, ilipiga marufuku zile za kutupa tu kuanzia tarehe 1 Juni 2025, kwa sababu ya taka na ya watoto. Zinazochajiwa tena ziliachwa. Sisi tuna kumbukumbu ya shisha. Ilipigwa marufuku Desemba 2017 kwa tangazo la wizara, na Januari 2024 hakimu mmoja pale Shanzu akawaachilia washukiwa akisema kanuni hazikufuata njia ya Bunge inavyotakiwa. Marufuku iliyotungwa haraka huja kuanguka kwa karatasi. Na kwenye mji wa barabara kuu, kitu kilichopigwa marufuku hakitoweki. Kinashuka kwenye gari usiku, bila chapa, na hapo ndipo betri mbaya zaidi hujificha.

Msimamo wangu mimi, na mnaweza kuukataa hapo chini: pande zote mbili zinapiga kelele kwenye kibanda wakati swali liko bandarini. Mashirika ya ndege hayakukubaliana kumfundisha abiria kuchagua. Mwaka 2015 shirika la anga la kimataifa, ICAO, lilikataza vepu kwenye mizigo ya chini ya ndege, ibebwe na abiria mwenyewe, kwa sababu moto ukitokea chini hakuna wa kuufikia. Waliamua kwamba betri fulani zitakuwa mbovu na hakuna abiria atakayejua ni zipi. Kutoka hapo mambo yakawa mepesi.

Basi mgombea akija uwanjani na kusema "achagueni", muulizeni sampuli za betri zitachukuliwa wapi, kwenye boksi aliloleta mwagizaji au kwenye kibanda cha Sultan Hamud bila taarifa. Akisema "pigeni marufuku", muulizeni zilizokwisha kuingia zitakusanywa na nani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni ana wajibu hata inapokuwa taka. Betri ya gari ina mnunuzi wa chuma chakavu. Hii ndogo ya vepu haina bei, kwa hiyo inaishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, na pale tunachoma moto kila Jumamosi.

Kwa walioniuliza kwenye ujumbe: iliyovimba usiitoboe, usiichome, usiirudishe kwenye chaja. Iweke kwenye mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto, mpaka upate anayepokea taka za elektroniki. Na kama wewe ni fundi wa pale Sultan na umewahi kufungua hivi vifaa, tuambie hapa chini ulikuta betri imeandikwa nini. Uzi ujao ni kuhusu betri za bodaboda za umeme na nani anamiliki betri ukishanunua pikipiki.